Moshi, Uji na Sakafu: Wito kwa Wenye Watoto Wachanga Bujumbura

Ndugu zangu wa Buyenzi na Bwiza, Kinama na Kamenge, Kanyosha, Buterere, Gatumba na mitaa yote ya mji wetu, ninawaandikia kwa ajili ya watoto ambao hawajajua kusema, pamoja na wale walio bado matumboni mwa mama zao. Wao ndio wanaopata sehemu kubwa ya moshi wetu na vumbi letu. Wakiumia wanalia, nasi tukisikia kilio tunawapa titi au uji tukidhani ni njaa.

Mara nyingi ni njaa kweli. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2016-2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao wakipimwa kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani. Ni zaidi ya nusu, na nchi zenye kiwango kama hicho duniani ni chache sana. Mjini hali ni afadhali kuliko vijijini, na nadhani ndiyo sababu tumezoea kusema kudumaa ni jambo la huko milimani, la watu wenye mashamba madogo na mihogo mitupu. Tukimwona mtoto mfupi tunauliza anakula nini. Ni swali la haki, tuendelee kuliuliza. Ninachoomba ni tuongeze mengine: anavuta hewa gani? Anatambaa juu ya nini? Unga wa uji wake ulihifadhiwa wapi kabla ya kufika sokoni? Na mama yake alipokuwa mjamzito, alikuwa akishinda wapi?

Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa sentimita 50 hivi, na akitimiza mwaka hufika karibu 75. Uzito aliozaliwa nao huwa maradufu akiwa na miezi mitano hivi, na mara tatu akiwa na mwaka. Hatakua tena kwa kasi hiyo maisha yake yote. Mwili unaojengwa kwa haraka namna hiyo unahitaji kila kitu kwa wakati wake, na ukipungukiwa wakati huo, kufidia baadaye ni kazi ngumu. Ndiyo maana wataalamu wanazungumzia siku 1,000: siku 270 za mimba na 730 za miaka miwili ya kwanza. Isitoshe, mtoto mchanga anapumua mara 40 hadi 60 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia hazidi mara 20. Mkiwa naye katika chumba kimoja chenye moshi, kwa kila kilo ya mwili wake yeye ndiye anayeingiza moshi mwingi zaidi. Ini lake na figo zake bado hazina nguvu ya kuondoa sumu kama zako. Tena yuko chini, kwenye kimo cha mbabula, jiko letu la makaa, na sakafu, na kila akishikacho hukipeleka mdomoni, kwa sababu hivyo ndivyo anavyoijua dunia.

Ingia katika ua wowote wa Buyenzi saa kumi na mbili jioni. Familia nne au tano zimepanga katika kiwanja kimoja, na kila mlango una mbabula yake. Msichana anachukua kipande cha mfuko wa plastiki au ubavu wa chupa, anakiwasha kwa kiberiti na kukiacha kidondokee makaa hadi yashike. Ule moshi mweusi wa mwanzo, wenye harufu ya kukwaruza koo, haudumu zaidi ya dakika chache. Lakini anapoinama kupuliza, mdogo wake yuko mgongoni, kichwa kimechungulia juu ya bega, na uso wake uko palepale moshi unapopandia. Makaa yakiwa mekundu moshi hauonekani tena. Hapo tunasema moto umekuwa mzuri, na kama mvua inanyesha, tunauingiza ndani.

Macho yanatudanganya. Ni kweli makaa yana moshi kidogo kuliko kuni, ila yanatoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mjamzito akiivuta, damu inayokwenda kwa mtoto inabeba oksijeni pungufu, na damu ya mtoto aliye tumboni huing'ang'ania gesi hiyo kuliko hata damu ya mama. Oksijeni ikipungua mara kwa mara, mtoto huzaliwa mwepesi, na anayezaliwa mwepesi anaanza safari ya kukua akiwa nyuma ya wenzake. Plastiki nayo ikiungua inaacha masizi na sumu, mojawapo ikiwa dioksini, inayoweza kukaa mwilini miaka mingi.

Zamani ilidhaniwa kwamba kondo la nyuma linamkinga mtoto na uchafu wote wa nje. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, walichunguza makondo ya wanawake waliojifungua wakakuta chembe za masizi upande wa mtoto. Wanawake wale walikuwa wakiishi Ulaya, kwenye jiko la gesi na umeme, na masizi yao yalitoka zaidi kwenye magari. Mjamzito wa Kinama anapika kwa makaa asubuhi, mchana na jioni, halafu akienda sokoni anapita kando ya barabara yenye malori na pikipiki, na takataka zinaungua pembeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani pekee ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yake ni vya watoto walio chini ya miaka mitano. Hapa kwetu karibu kila nyumba inapikia kuni au makaa, kwa hiyo hesabu hiyo inatuhusu moja kwa moja.

Ombi langu la kwanza halihitaji fedha. Tusiwashe moto kwa plastiki. Vijiti vikavu, majani ya migomba yaliyokauka au karatasi vinatosha, ukivipa muda. Anayewasha asiwe na mtoto mgongoni; mwenzake amshike kwa dakika hizo chache, na kama hakuna mwenzake, jirani yupo. Mbabula ibaki nje, chini ya upenu, na isiingie kabisa kwenye chumba anacholala mjamzito au mtoto, hata kama ni kwa ajili ya kukipasha joto chumba cha mzazi aliyetoka kujifungua. Mabibi zangu, najua mnafanya hivyo kwa upendo, na mmetulea sisi sote. Mpasheni joto mjukuu wenu kwa nguo na kwa kifua cha mama yake. Na maharagwe, chakula chetu cha kila siku ambacho hukaa motoni saa nyingi, yarowekwe tangu usiku na sufuria ifunikwe. Muda wa kupika unapungua sana, makaa yanapungua, na moshi unapungua pamoja nayo.

Hata hivyo nisingependa mtu aondoke hapa akidhani kwamba tukipata jiko zuri kazi imekwisha. Kuna utafiti mkubwa uliofanyika kwa jirani zetu wa Rwanda, mkoa wa Mashariki, na wakati huohuo Guatemala, India na Peru. Unaitwa HAPIN. Wajawazito 3,200, 800 kwa kila nchi, waligawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi moja lilipewa jiko la gesi pamoja na gesi ya bure kwa miezi 18, kundi la pili likaendelea na kuni zao. Waliopewa gesi waliitumia kweli, na chembechembe za moshi walizovuta zilipungua kwa karibu theluthi mbili. Watu wa afya walikuwa na matumaini makubwa. Matokeo yalipotoka, 2022 na 2024, uzito wa watoto waliozaliwa ulitofautiana kwa gramu 20 hivi tu, kiasi ambacho hakitoshi kusema kwamba gesi ndiyo iliyouleta, na walipotimiza mwaka mmoja, waliodumaa walikuwa kama robo katika makundi yote mawili.

Nimewasikia watu wakisema: basi, moshi hauna neno. Mimi siyasomi matokeo yale hivyo. Watafiti haohao walipowapanga akina mama kulingana na moshi ambao kila mmoja aliuvuta kweli, waliona kwamba waliovuta mwingi zaidi walizaa watoto wepesi zaidi kidogo. Moshi una neno. Ila jiko lilifika mimba ikiwa imeshaingia, pengine ya miezi minne, na hata baada ya kupungua, moshi uliobaki ulikuwa bado mara kadhaa ya kiwango cha mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa wastani wa mwaka. Na mtoto wa nyumba yenye gesi aliendelea kunywa maji yaleyale, kula chakula kilekile na kutambaa juu ya udongo uleule. Ninachokisoma mimi ni kwamba mtoto hafikiwi na uchafu kwa mlango mmoja. Ukiufunga mmoja na kuiacha mingine wazi, umefanya jambo jema, lakini usishangae akiendelea kubaki mfupi.

Mlango wa pili ni sakafu na maji. Bujumbura inakunywa kutoka Ziwa Tanganyika. Kampuni ya maji, REGIDESO, inayavuta maji huko, inayasafisha, na kuyagawa kwa mabomba ambayo hayafiki kila mahali wala hayatoi kila siku. Ziwa hilohilo linapokea Ntahangwa, Muha na Kanyosha, mito inayokatiza katikati ya mji ikisomba kila tulichokitupa. Tangu ziwa lilipopanda na mto Rusizi kufurika, hasa kuanzia 2020, watu wa Gatumba wameona vyoo vikizama na maji yake kuingia vyumbani. Mwaka 2023 ulianza na tangazo la kipindupindu Bujumbura. Kipindupindu tunakiogopa kwa sababu kinaua upesi. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaotokana na uchafu uleule, usioua mtu siku ileile na usiotangazwa. Mtoto anayemeza vijidudu vya kinyesi kila siku, kidogo kidogo, utumbo wake huvimba kwa ndani. Vile vinyweleo vidogo vinavyonyonya chakula hufupika, kuta huanza kuvuja, na mwili unatumia nguvu zake kupigana na uvimbe wakati ulipaswa kuzitumia kurefusha mifupa. Anaweza asiharishe hata mara moja. Unampa yai, unampa ndagala, naye anakula vizuri, ila sehemu ya chakula hicho haifiki kunakotakiwa.

Huko Zimbabwe watafiti waliketi majumbani wakitazama tu watoto wachanga wanavyocheza, wakaona wakitia mdomoni udongo na hata kinyesi cha kuku. Nani kati yetu hajawahi kumpokonya mtoto kitu cha namna hiyo? Kenya, katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga, zaidi ya wajawazito 8,000 waliingizwa katika utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa 2018. Baadhi ya familia zilipewa vyoo bora, vifaa vya kunawia na klorini ya maji, na watoto wao hawakurefuka kuliko wengine. Waliopewa lishe ya nyongeza walirefuka kidogo. Funzo ni lilelile la HAPIN. Choo kimoja katika ua ambao majirani hawana choo, au ambamo kuku wanalala jikoni, hakimwondolei mtoto kinyesi.

Ndiyo maana ninawaandikia kama majirani na sikuandika barua ya ushauri kwa akina mama. Tumewachosha akina mama. Kila kinachompata mtoto tunamuuliza mama, na yeye ndiye anayeamka alfajiri kuchota maji. Moshi wa jirani unapita juu ya ukuta, kuku wa jirani hajui mpaka, mfereji wa mtaa mzima unaishia mlangoni kwa mtu mmoja. Katika kiwanja chenye familia tano, familia moja haiwezi kumkinga mtoto wake peke yake. Familia zote tano zikikaa chini jioni moja zinaweza kukubaliana kwamba kuku wafungiwe bandani, mbabula zote ziwashwe upande ule upepo unakoelekea nje, na pawe na mkeka mmoja mpana, unaofuliwa, ambao ni wa watoto wanaotambaa na hakuna anayeukanyaga na viatu. Mkeka huo, na sabuni karibu na choo, na maji ya mtoto yaliyochemshwa au kutiwa klorini, si mambo makubwa. Na titi pekee kwa miezi sita ya mwanzo, bila maji wala uji, linamwepusha mtoto na maji machafu katika umri anaoumia zaidi. Nasisitiza hili kwa sababu habari za sumu huwatia hofu wanaonyonyesha: hata katika mji wenye moshi kama wetu, maziwa ya mama yanabaki kuwa chakula bora kuliko kingine chochote tunachoweza kumpa mtoto huyo.

Akitimiza miezi sita anaanza uji, na hapo unafunguka mlango wa tatu, ambao hauzungumzwi sana mjini kwetu. Mahindi na karanga visipokauka vizuri huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumu tunayoiita sumukuvu. Kuchemsha uji hakuiondoi. Wakenya wa Makueni na Kitui waliijua 2004, watu 317 walipougua na 125 kufa baada ya kula mahindi yaliyooza kwa unyevu. Huko ilikuwa kwa wingi na kwa ghafla. Kidogo kidogo kila siku, inamzuia mtoto kukua. Watafiti waliofuatilia watoto 200 nchini Benin waliona kwamba kwa miezi minane tu, waliokuwa na sumukuvu nyingi zaidi mwilini walizidiwa urefu kwa sentimita 1.7 na wale waliokuwa na kidogo zaidi. Kwa mtoto wa umri ule, sentimita 1.7 ni nyingi mno. Masoko ya Burundi na mashariki mwa Kongo nayo yamepimwa, na sumukuvu ikapatikana katika vyakula vinavyouzwa huko.

Uji wa mtoto wa Bujumbura mara nyingi ni unga wa mchanganyiko: mahindi, mtama, soya, wakati mwingine karanga na unga wa ndagala. Tunaupenda kwa sababu una nguvu, na ni kweli una nguvu nafaka zikiwa safi. Kwa hiyo, dada, kabla ya kupeleka mahindi mashineni yamwage kwenye ungo, uyachambue. Yaliyopasuka, yaliyobadilika rangi, yaliyoshikana kwa ukungu, yatupe. Usimpe hata kuku, maana sumu inaweza kurudi kwenye mayai. Karanga iliyosinyaa au yenye weusi ni hivyohivyo. Kuchambua kwa mkono peke yake kunaondoa sehemu kubwa ya sumukuvu. Nanyi wafanyabiashara wa unga, ninyi ndio mnaoweza kutusaidia kwa wingi. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinasema mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Msinunue magunia yaliyolala chini kwenye saruji yenye maji. Ulizeni yametoka wapi na yalianikwaje, na mteja akiwauliza, mjibuni bila kukasirika.

Kwamba hili linawezekana, tazameni ndagala. Kusini mwa ziwa letu, huko Mvugo, akina mama walikuwa wakiwaanika mchangani, juani, kuku na mbwa wakipita juu yao. Kuanzia 2004, kwa msaada wa shirika la FAO, wakaanza kutumia vichanja vya wavu vilivyoinuliwa karibu mita moja kutoka ardhini. Samaki wakakauka upesi, mchanga ukabaki chini, na mvua ikawa rahisi kuikwepa kwa kuwafunika. Waliokausha kwa vichanja walikuwa kama 500. Kufikia 2013 walifika 2,000, na bei ya kilo ilikuwa imepanda kutoka faranga 4,000 hadi 9,000. Hakuna aliyewalazimisha. Waliona faida kwa macho, kila mmoja akamwiga mwenzake. Wenye mahindi wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa turubai na kichanja.

Mlango wa nne unapita kazini. Baba, nawe nina ombi kwako. Buyenzi ni mtaa wa mafundi, na tunajivunia. Gereji, wachomeleaji, wauza vipuri, wapaka rangi, wanaofungua betri za magari ili kuchukua kilichomo. Betri hizo zina madini ya risasi. Hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo unaokua, inapunguza damu, na inamdumaza. Mama aliyeivuta miaka iliyopita huwa ameihifadhi katika mifupa yake, na akishika mimba mifupa hiyo hutoa chokaa kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Fundi anayerudi nyumbani na ovaroli ya kazini, akamnyanyua mwanawe na kumkumbatia, anampaka risasi kwa furaha yake yote. Vua nguo za kazi hukohuko. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla hujamgusa. Nguo hizo zisifuliwe pamoja na nepi. Na betri isivunjwe kamwe katika ua wanamochezea watoto.

Tusidhani haya ni ya mbali. Owino Uhuru ni kitongoji cha Mombasa, watu wake wanazungumza Kiswahili kama sisi, nyumba zimebanana kama zetu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ukutani kwao 2007. Phyllis Omido aliajiriwa pale. Mwanawe mchanga akaugua, hospitali zikatafuta malaria na homa ya matumbo, hadi damu ilipopimwa ikaonekana ina risasi. Aliacha kazi akaanza kugonga milango ya majirani, na watoto wengine wakapimwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa zikaendelea kwa miaka, na mwishoni mwa 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha amri ya fidia. Ninachokipenda katika habari hiyo ni zile ziara za nyumba kwa nyumba kabla ya mahakama. Wazazi waliulizana: wako naye ana nini? Bila hivyo kila mmoja angeendelea kuuguza wake peke yake.

Kuna mengine nitayataja kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo. Sabuni na krimu za kujichubua, nyingine zina zebaki, na zebaki hupita kwa mtoto tumboni. Mjamzito aziache leo. Udongo na vijiwe vya pemba ambavyo wajawazito wengi huvitamani vinaweza kubeba risasi na mayai ya minyoo. Anayeshindwa kuacha amwambie mkunga, kwa kuwa hamu hiyo mara nyingi inakwenda pamoja na upungufu wa damu, na upungufu wa damu una dawa. Sigara isivutwe ndani. Dawa za mbu za kuchoma zitoe nafasi kwa chandarua.

Sasa nawageukia wenye mamlaka ya mji na wizara. Amri ya Agosti 2018 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na ikaanza kutumika Februari 2020. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini chupa na vifungashio bado vimejaa kwenye mifereji, na pasipopita gari la taka, watu watachoma, hata wakijua madhara. Marufuku ya kuchoma bila gari la kuzoa itamwonea maskini. Leteni gari kwanza, lipite siku inayojulikana, hata mitaa ya pembeni. Jalala la Buterere lizungushiwe uzio, lifukiwe kwa udongo mara kwa mara, na watoto wanaookota humo watafutiwe njia nyingine. Wekeni vipimo vya hewa, walau vichache, kimoja karibu na soko, kimoja Buterere, kimoja kwenye shule, na namba zake zisomwe redioni kama tunavyosomewa habari za mvua. Wanaotegemea ziwa hili ni nchi nne, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake hapahapa kwetu; tuwe wa kwanza kuonyesha mfano.

Watu wa vituo vya afya mna nafasi ambayo hakuna mwingine aliyenayo. Tangu Mei 2006 kujifungua na kutibiwa kwa watoto walio chini ya miaka mitano ni bure katika vituo vya serikali, na akina mama wanakuja. Waulizeni wanapikia wapi, na mume anafanya kazi gani. Nanyi wahudumu wa afya wa mitaani, abaremeshakiyago na akina Mama Lumière, mnaingia hadi vyumbani, mnaona mbabula iko wapi na mtoto amelala wapi. Semeni kwa upole, kisha msaidieni mama kuihamisha mbabula. Mashehe na mapadri, dakika tano za hotuba zenu zinafika kwa watu wengi kuliko barua yangu. Wakuu wa mitaa na nyumbakumi, Jumamosi moja ya kazi za pamoja kila mwezi iwe kwa ajili ya viwanja vyenye watoto wachanga: kuzibua mfereji uliosimama, kujenga banda la kuku, kuezeka upenu wa kupikia. Mbao chache na mabati mawili matatu yanatosha upenu mmoja, na mafundi tunao.

Nawe dada uliye mjamzito, ukienda kupimwa mwezi huu, usisubiri kuulizwa. Mwambie mkunga unapikia ndani au nje, unga unaununua wapi, mumeo anashika nini kazini, na kama umekuwa ukila udongo. Ukishajifungua, kila unapompeleka mtoto kuchanjwa, omba apimwe urefu na si uzito peke yake, namba iandikwe kwenye kadi, na uelezwe imepanda kiasi gani tangu mara ya mwisho. Wakikwambia ubao wa kupimia haupo, tuambie sisi majirani zako, tutakwenda pamoja kwa mkuu wa kituo kuuomba.